Tak Moja, Taa Zinawaka, Injini Kimya: Fundi Waya Anajibu

Karakana yangu iko Nyakato, hapa Mwanza, upande wa barabara iendayo Musoma, na kazi yangu ni umeme wa magari tu. Injini ikivuja oili nenda kwa jirani yangu. Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja: ufunguo unageuzwa, kitu kinagonga, gari haliwaki. Wengi wenu mlishaambiwa mnunue betri kabla hata boneti haijafunguliwa. Nimechukua barua tano. Ya kwanza nitakaa nayo, kwa sababu aliyeiandika ametega sikio na kueleza alichosikia, jambo ambalo wateja wengi hawalifanyi.

*

Shikamoo fundi. Mimi ni mjane, nina Hiace ya dizeli, injini 5L, inabeba abiria kutoka Buhongwa kwenda mjini. Tangu masika yaanze, gari likizimwa linaweza kugoma kuwaka. Dereva akigeuza ufunguo tunasikia "tak" moja nzito, taa za dashibodi zinabaki vilevile, injini haigeuki hata kidogo. Akirudia rudia, ghafla linawaka kama halijawahi kuumwa. Fundi wa kwanza alisema betri. Nikanunua N70 mpya, hali ikabaki ileile. Wa pili anataka ninunue stata nzima ya mtumba. Siku hizi dereva analilaza mteremkoni. Asubuhi konda anatoa jiwe, linaserereka, linawaka. Nimechoka kutoa hela.
*Mama wa Hiace, Buhongwa*

Marahaba mama, na pole. Mambo matatu kwenye barua yako yanaiondolea betri lawama: tak ni moja, taa hazififii, na ukirudia rudia gari linawaka. Betri iliyochoka haina tabia hiyo.

Dereva akifikisha ufunguo mwisho, umeme mdogo unapita kwenye waya mwembamba hadi kwenye solenoidi ya stata. Koili ya humo ndani inavuta kipande cha chuma. Chuma hicho kina kazi mbili. Kwanza kinasukuma gia ndogo ya stata ikakamate meno ya flaiweli, lile gurudumu zito la injini. Pili, sahani ya shaba iliyo mkiani mwake inaenda kuziunganisha shaba mbili nene zilizofungwa ndani ya kifuniko. Sahani ikizigusa zote mbili, ndipo umeme mkubwa wa betri unapoingia kwenye mota. Kwa dizeli ya lita 3 kama yako, hapo tunazungumzia mamia ya ampea.

Ile tak unayoisikia ni kishindo cha chuma kufika mwisho. Kwa hiyo swichi, fyuzi, rilei na ule waya mwembamba vyote vimefanya kazi yao, usikubali mtu aanze kuvifungua. Sasa angalia taa. Umeme mkubwa ukitoka, volti za betri zinashuka, na taa zitafifia hata betri ikiwa imetoka dukani leo. Za kwako hazitikisiki, maana yake umeme mkubwa hautoki kabisa. Mlinzi amesikia hodi, ameinuka, lakini geti halijafunguka.

Kwa gari la abiria nashuku kwanza zile shaba mbili. Hiace ya daladala inazimwa na kuwashwa kutwa nzima, na kila mguso una cheche inayolamba shaba kidogo. Hazilikagi sawasawa. Moja inabonyea kuliko mwenzake, sahani ikija inaigusa moja na kuelea juu ya nyingine kwa upana wa unywele. Ukirudia ufunguo, sahani inajizungusha kidogo, inapata pembe nzuri, gari linawaka. Hapo ndipo dereva anaposema, "Limepona."

Ila kabla stata haijashushwa, hakikisha athi. Upande hasi wa betri unafungwa kwenye bodi, na kuna waya mwingine unaounganisha bodi na injini au gia boksi. Huo wa chini unakaa kwenye matope na ndio wa kwanza kuliwa na kutu. Ukilika sana, taa zitawaka vizuri kabisa, kwa sababu taa zinapata athi kwenye bodi, lakini stata itapiga tak na kunyamaza, kwa sababu yenyewe inategemea athi ya injini. Dalili ni zilezile za kwako. Kupima ni bure: chukua waya mmoja wa kubusti, zile nyaya za kuazimia umeme wa betri nyingine, shika kichwa hasi cha betri, upande wa pili ushike chuma kitupu cha injini kisicho na rangi wala oili, mbali na feni na mikanda. Piga stata. Likiwaka mara zote, tatizo ni waya wa athi, na hiyo si bei ya stata wala betri.

Kama hakuna mabadiliko, mwambie fundi atoe mita. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, mtu mmoja ashikilie ufunguo. Nyuma ya stata kuna bolti mbili nene. Moja inapokea waya kutoka betri, ya pili inapeleka umeme kwenye mota. Ncha hasi ya mita iguse bodi ya stata yenyewe. Gari likigoma, bolti ya kwanza ikisoma volti 12 na ya pili ikisoma sifuri, shaba zimekwisha, ubishi umeisha. Zote mbili zikisoma 12 na mota imelala, shaba ni nzima, tafuta kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zilizokwisha au mota iliyokwama. Bolti ya kwanza ikianguka hadi volti 3 au 4 wakati kichwa cha betri kinasoma 12, waya mnene au teminali ndiyo inayokula umeme njiani. Fundi asiyetaka kupima vitu hivi, mama, anataka ulipie majaribio yake.

Shaba za stata zinauzwa peke yake kwenye maduka ya spea, na bei yake haifanani hata kidogo na ya stata nzima. Simama karibu wakati anafanya kazi, uangalie mambo haya. Kwanza atoe teminali hasi ya betri, maana ule waya mnene wa stata una umeme muda wote na hauna fyuzi. Spana ikigusa waya na bodi kwa pamoja, unaweza kuungua mkono. Abadilishe shaba zote mbili, si ile iliyolika tu. Aangalie na sahani ya kile chuma. Kama ukingo wake umeliwa, ibadilishwe nayo. Na wakati wa kufunga, shaba ziwe kimo kimoja. Moja ikipanda kuliko nyingine, utarudi na tak ileile wiki hiyohiyo. Akiwa ameshafungua, aangalie na kaboni. Kazi ya kushusha stata mmeshailipia.

Stata ya mtumba siikatai, lakini nayo ilitoka kwenye gari lililotembea na ndani yake kuna shaba zilizopiga cheche miaka mingi. Unabadilisha ugonjwa unaoujua kwa usioujua. Betri uliyonunua haijapotea. Kama ya zamani ingali karakana kwa yule fundi wa kwanza, kaidai. Ikipimwa asubuhi kabla gari halijawashwa na kusoma volti 12.6, inashika chaji.

Na hilo la mteremko. Najua Mwanza ni mji wa milima na kila dereva ana mteremko wake. Dizeli hii yenye gia za mkono itawaka hivyo, hilo ni kweli. Lakini breki za Hiace zinasaidiwa na pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya oltaneta, ile mashine inayochaji betri, na injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki. Dereva akikanyaga mara chache, msaada unaisha na pedali inakuwa ngumu kama ukuta. Kule chini kuna watoto wa shule na akina mama wamepanga nyanya. Asiliachie tena, hata likiwa tupu.

*

Fundi, mimi nina IST, ya otomatiki. Huwa naliacha Pasiansi nikisafiri kikazi. Nikirudi baada ya wiki mbili, ukipiga stata linalia ti-ti-ti-ti-ti kama cherehani, na taa za dashibodi zinazima na kuwaka. Vijana wananibusti, linawaka, naenda nyumbani. Kesho yake tena. Stata imekufa?
*Msafiri, Pasiansi*

Hapana ngosha, hii ni tofauti kabisa na ya mama wa Buhongwa, na hapa betri ndiyo mshitakiwa. Koili inavuta chuma, shaba zinagusana, mota inaomba umeme mkubwa, betri inazidiwa na volti zinaanguka. Zikianguka koili inaachia. Ikiachia, mzigo unaondoka, volti zinapanda, koili inavuta tena. Inarudia hivyo mara nyingi kwa sekunde, ndiyo hiyo ti-ti-ti.

Swali ni nani anaimaliza. Ndani ya wiki mbili betri nzima haiishi. Je, una traka? King'ora cha kufunga mtaani? Redio iliyounganishwa moja kwa moja bila kupitia swichi? Gari likizimwa na milango ikafungwa, baada ya muda kompyuta zake zikilala, umeme unaovuja usizidi miliampea 50. Fundi anaupima kwa kuweka mita katikati ya teminali hasi na kichwa cha betri, halafu anachomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mita ikiwa hapo usiguse ufunguo wa stata, utaiunguza.

Halafu kuna hili la kukimbia na gari kutoka Pasiansi hadi nyumbani ukidhani betri imejaa. Haijajaa. Umerudisha kiasi kidogo tu kile ulichotumia kuwashia. Betri iliyoisha kabisa itolewe ikalale kwenye chaja usiku kucha, ndipo ipimwe. Ikisoma 12.6 jioni na asubuhi imeshuka chini ya 12.2 ikiwa mezani, nje ya gari, imekufa.

Na ukienda kununua mpya, usikubali kufungiwa kwa mbwembwe. Magari madogo ya Japani mengi yana teminali za betri zenye vichwa vyembamba, na zipo betri zilezile kwa umbo zenye vichwa vinene. Soma maandishi: 46B24L ina vichwa vyembamba, 46B24LS vinene. Hiyo 24 ni urefu kwa sentimita, na L au R inakuonyesha chanya iko upande gani. Nakutana kila wakati na teminali pana iliyofungwa kwenye kichwa chembamba, pengo limezibwa kwa msumari au kipande cha bati la kopo. Kwa taa na redio inatosha. Ukipiga stata, bati linachemka na gari linazima taa zote. Shika teminali kwa mkono, jaribu kuizungusha. Ikizunguka, hapo ndipo pa kuanzia, na dawa yake ni spana namba 10 na teminali inayolingana.

Kuhusu vijana wanaokubusti, wafuate mpangilio huu, maana nimeona wakigusa gusa nyaya ili kuona cheche. Nyekundu kwenye chanya ya betri yako, kisha chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho isiguse betri yako, iguse chuma cha injini yako, mbali na betri. Betri inatoa hewa ya haidrojeni, na cheche ya mwisho ndiyo inayowasha hewa hiyo. Asidi ikikurukia machoni, hospitali ya Bugando watakupokea lakini hawatakurudishia jicho. Na wasilisukume, otomatiki haliwaki kwa kusukumwa.

*

Nilikuwa nimepanda kivuko cha Kamanga na Raum yangu. Tulipofika ng'ambo, nikapiga stata: kimya, hata tak hakuna. Nyuma yangu watu wanapiga honi. Kijana mmoja akaingiza mkono dirishani, akavuta gia kutoka P kwenda N, akasema jaribu, likawaka. Ni uchawi gani huu?
*Muuza vitenge, Sengerema*

Dada, kijana anajua kazi. Otomatiki lina swichi kwenye gia boksi inayozuia stata isipate umeme kama gia haiko P au N. Swichi ikichakaa au ikilegea, P inasahaulika na N inakumbukwa. Kimya kabisa, bila tak, maana yake umeme mdogo haufiki kwenye solenoidi. Mwambie fundi arekebishe au abadilishe hiyo swichi, na taa za rivasi aziangalie pia. Mpaka hapo tumia N, ukiwa umekanyaga breki na ya mkono imevutwa.

*

Mkuu, mimi ni fundi mwenzako. Tunapima oltaneta kwa kuchomoa teminali ya betri injini ikiwa inaunguruma. Likizimika, oltaneta mbovu. Lisipozimika, nzima. Mteja mmoja ananitishia polisi, anasema nimemuunguzia kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Kweli?
*Fundi kijana, Magu*

Anaweza kuwa na haki. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa oltaneta. Ukiitoa ghafla wakati oltaneta inachaji kwa nguvu, volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi kabla rekuleta, kidhibiti cha volti, haijazikamata, na kila chenye kompyuta ndani ya gari kinapokea pigo hilo. Kwenye Land Cruiser ya zamani yenye pampu ya dizeli ya kawaida uliponea, labda ukaunguza balbu. Kwenye gari la injeksheni ni kamari ya mali ya mtu mwingine.

Na jibu lenyewe halikuambii kitu. Oltaneta inayotoa nusu ya nguvu yake itaendelea kuunguruma bila betri, utasema nzima, na mteja atarudi na ti-ti-ti. Nunua mita, hata ile ya bei rahisi ya maduka ya umeme. Injini ikiunguruma, kwenye vichwa vya betri usome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni ya ndani. Zisianguke chini ya 13. Zikipanda hadi 15 na zaidi, rekuleta imekufa na inapika betri, utaona maji ya betri yanakauka haraka. Ukague pia mkanda kabla ya kulaumu oltaneta. Nusu ya oltaneta ninazoletewa zikiwa zimeshashushwa, mkanda ulikuwa umelegea.

Na huyo mteja, kaa naye chini. Usimwambie kontroli boksi ilikuwa mbovu tangu zamani.

*

Teminali zangu zinaota unga mweupe na wa kijani kila mara. Rafiki zangu wanasema ni hewa ya ziwa kwa sababu naishi Kirumba karibu na mwalo. Nihamie Kisesa?
*Mkazi wa Kirumba*

Usihame. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, hii siyo Dar. Unga huo unatokana na mvuke wa asidi unaotoka ndani ya betri yako yenyewe, ama kwenye mpasuko unaozunguka kichwa, ama kwa sababu inachajiwa kupita kiasi. Jambo la pili lipimwe kama nilivyomwambia fundi wa Magu. Pia acha kuongeza asidi. Kinachopungua kwenye betri ni maji, kwa hiyo ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, yafunike sahani na yasipande hadi mdomoni.

Kusafisha hakuhitaji soda ya chupa kama wanavyofanya stendi. Inaacha sukari na inavuta vumbi. Funga vifuniko vya betri vizuri, toa teminali, hasi kwanza. Koroga kijiko cha magadi kwenye maji ya moto, mimina kidogo kidogo juu ya unga. Yatatoa povu, yakiacha kutoa povu asidi imekwisha. Suuza kwa maji safi, kausha, kwangua ndani ya teminali kwa msasa mpaka uone risasi inang'aa, rudisha chanya kwanza, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi isitangulie kupakwa ndani. Na kile kifuniko chekundu cha plastiki kilichokuja na gari, kama bado kipo kwenye buti, kirudishe mahali pake.